Neno Likipata Ngeli, Limekwisha Kuwa Letu

Gazeti moja kijiweni husomwa na watu sita. Kurasa za michezo huondoka kwanza, siasa hufuata, na karatasi yenye fumbo la maneno humbakia mwenye subira na kalamu. Tuseme dokezo la leo ni hili: "Mashine ya kuhifadhi na kuchakata taarifa." Visanduku ni vinane. Herufi ya tano imekwisha kupatikana kutoka neno la wima, nayo ni Y. Dereva wa bodaboda anayesubiri abiria anajaza "kompyuta" bila kusita. Mwalimu mstaafu aliyeketi kando yake anamshika mkono.

"Mwanangu, hicho ni Kiingereza. Kwa Kiswahili ni tarakilishi."

Kijana anahesabu kwa ncha ya kalamu. "Mwalimu, tarakilishi ina herufi kumi na moja. Haiingii."

"Basi aliyetunga fumbo kakosea."

Hajakosea. Kompyuta ni neno la Kiswahili, na wakati umefika wa kulisema hilo bila kigugumizi. Swali la neno gani la mkopo likubaliwe na lipi likataliwe kwenye michezo ya maneno huamuliwa kila siku na watu wasio na kanuni yoyote mkononi: mtunga fumbo wa gazeti, mwalimu anayesimamia mashindano darasani, kijana anayeunda programu ya simu ya kubahatisha neno la herufi tano. Kila mmoja ana orodha yake kichwani. Anayeumia ni mchezaji, hasa mtoto, ambaye hukatiwa neno alilolisikia nyumbani tangu azaliwe na kuambiwa kwamba si la kwao.

Mwalimu wetu wa kijiweni ana wenzake wengi, na nia yao ni njema. Wameziona lugha za jirani zikimezwa, wamesikia watoto wakichanganya sentensi nusu kwa nusu, na wanaona fumbo la maneno kama uzio wa mwisho. Tatizo ni kwamba uzio huo ukijengwa kwa kufuata asili ya maneno, wenye nyumba wengi watabaki nje. Tujaribu kuhesabu tu. Moja hadi tano zinapita. Sita inakwama, kwa kuwa ni ya Kiarabu, na saba vilevile. Nane inapita, tisa inakwama, kumi inapita. Kuanzia ishirini hadi tisini hakuna hata moja inayonusurika. Mia na elfu ni za Kiarabu, laki imetoka India, milioni imetoka Ulaya. Mchezaji atakayeshika sheria hiyo hataweza hata kujumlisha alama zake.

Au tazama rafu ya vitabu. Mwaka 1981 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, kitabu ambacho kwa wengi ndicho hakimu wa mwisho wa mabishano ya namna hii. Neno kamusi ni la Kiarabu. Sanifu ni la Kiarabu. Swahili limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya pwani. Ukiondoa vya kukopa kwenye jalada hilo, kinabaki kiambishi "Ki" na neno dogo "ya". Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilipotoa kamusi yake mwaka 2010 liliiita Kamusi la Kiswahili Fasaha, na fasaha nalo limevuka bahari ileile.

Hata tarakilishi, silaha ya mwalimu, imefuliwa kwa chuma cha ugenini. Waliolibuni waliunganisha tarakimu na akili, na yote mawili ni maneno tuliyoyapata kwa Waarabu. Si neno baya. Linatumika Kenya, lipo vitabuni, na penye visanduku kumi na moja liingie kwa heshima zote. Lakini haliwezi kulifukuza neno kompyuta kwa madai ya usafi wa damu.

Kuna jambo jingine ambalo wapenda usafi hawalitazami, nalo linawahusu wachezaji wa Scrabble kuliko mtu yeyote. Sauti th, dh na gh zimo katika Kiswahili sanifu kwa hisani ya Kiarabu. Thamani, thelathini, dhahabu, dhambi, ghali, ghorofa: zote zilikuja na majahazi. Mtu akitengeneza vigae vya Kiswahili, akaipa kila sauti kati ya hizo kigae chake, kisha akapiga marufuku maneno ya kukopa, atakuwa ametengeneza vigae vya kushikilia mkononi mpaka mchezo uishe.

Hakuna mahali panapoonyesha utajiri wa mikopo yetu kama mfukoni. Pesa ilitoka India, ambako sarafu ndogo iliitwa paisa, na ilitumika pwani yetu pamoja na rupia, pesa 64 kwa rupia moja. Mwaka 1904 utawala wa Wajerumani Tanganyika uliamua kuigawa rupia katika sehemu 100, na kila sehemu ikaitwa heller. Watu wakasema hela. Mwaka 1916, katikati ya vita, sarafu za hela 20 zilifuliwa Tabora kwa sababu fedha haikuweza tena kuletwa kutoka Ulaya. Baada ya vita Wajerumani walikuwa wamekwisha kuondoka, sarafu zao zikakosa thamani, Waingereza wakaleta shilingi na senti. Hela ikabaki. Neno lililotaja sehemu ya mia ya rupia leo linataja fedha yote, hata ya tajiri wa mabilioni. Fedha yenyewe ni Kiarabu, na mwanzo ni ile madini nyeupe. Dola ni tamu zaidi kwa mtunga mafumbo: kwa asili ya Kiarabu ni serikali, kwa asili ya Kiingereza ni noti ya Marekani, na kwa visanduku vinne unaweza kumzungusha mtu asubuhi nzima.

Sasa mtu aseme ni lipi kati ya hayo linapaswa kukataliwa kwenye fumbo, na kwa sababu gani.

Wazungumzaji wa Kiingereza wameshalipita swali hilo zamani. Katika Scrabble yao bwana na safari ni maneno halali, na hakuna anayemwomba radhi Mswahili, sembuse Mwarabu aliyelianzisha neno safari kabla sisi hatujalichukua. Mwaka 2006 orodha rasmi ya Amerika Kaskazini iliongezwa neno qi, la Kichina, lenye maana ya nguvu ya uhai. Wachezaji walilifurahia kwa sababu liliwapa njia ya kuitua Q bila kutafuta U. Hapo ndipo inapobidi kusimama kidogo. Neno likikubaliwa kwa kuwa linarahisisha kupata alama, orodha inaanza kuutumikia mchezo na kuisahau lugha. Mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa bila kuweza kuzungumza Kifaransa. Alikariri orodha. Ni kipaji kikubwa, na kinastahili sifa, lakini kinatuonya pia: aliye na orodha ndiye aliye na ufunguo, kwa hiyo orodha ya Kiswahili iandikwe na watu wanaojua neno linaishi wapi.

Na neno huishi wapi? Huishi ndani ya ngeli.

Kiswahili kina namna yake ya kumpokea mgeni. Hakimuulizi katoka wapi, kinamtafutia mahali pa kukaa. Neno kitabu lilipofika, ile k ya mwanzo ilikuwa sehemu ya shina la Kiarabu lenyewe. Mswahili alisikia ki-, akalipeleka moja kwa moja kwenye jamii ya kiti na kisu, akapata vitabu, wingi ambao Mwarabu hakuwahi kuusikia. Karne nyingi baadaye Waingereza walileta nyumba yao ya starehe, na jina lake likapata i katikati ya herufi mbili zilizokuwa zimegandana: kilabu. Wingi wake? Vilabu, bila mtu kuagizwa. Kibao cha barabarani kilichomwamuru dereva kwa Kiingereza ashike kushoto kikazaa kipilefti, na mji wenye mizunguko mingi una vipilefti. Mafundi baiskeli walipokutana na kile kipande cha bati kinachozuia tope, walimsikia Mwingereza akikitaja kwa neno linaloanza na "ma", wakalifanya ma- hiyo kuwa alama ya wingi: madigadi mawili, digadi moja. Hakukuwa na kamati wala semina. Ni fundi, spana na sarufi aliyonyonya kwa mama.

Vitenzi navyo vina mlango wao. Safiri, jibu na hitaji vilikuja bila ile a ya mwishoni ambayo vitenzi vya Kibantu huwa nayo, lakini vikaingia kwenye mnyambuliko kama wenyeji: safirisha, jibiwa, hitajika. Kitenzi feli ni cha juzijuzi tu, kimetoka Kiingereza, na siku ya matokeo ya mitihani hakuna nyumba isiyokitamka. Kuna mwalimu anayefelisha, kuna mtoto aliyefelishwa. Kitenzi kikiweza kutendesha na kutendwa, ni ukaidi kukikatalia visanduku vinne.

Hiki basi ndicho kipimo kinachopendekezwa hapa. Neno la mkopo lihesabiwe halali ikiwa limekubali sarufi yetu, yaani jina lina upatanisho unaojulikana na kitenzi kinanyambulika, na ikiwa maandishi yake yametulia. Umri wake haujalishi, wala bandari lilikotia nanga. Kipimo cha maandishi kinaweza kuonekana kidogo, lakini kwenye fumbo ndicho kila kitu, kwa sababu kisanduku hakina huruma. Neno lisilojulikana lina herufi ngapi haliwezi kuwekwa kwenye mraba.

Kwa kipimo hicho chipsi inapita. Ile s ya mwisho, ambayo kwa Waingereza ilikuwa ya wingi, imemezwa, na leo ni chipsi hii, chipsi hizi, chipsi mayai. Wikendi inapita: wikendi hii, wikendi iliyopita. Anayelichukia neno hilo na kudai "mwisho wa wiki" akumbuke wiki nayo ilitoka wapi. Pizza haipiti, kwa kuwa z mbili zilizofuatana si za tahajia yetu. Siku magazeti na menyu zitakapokubaliana juu ya piza, mlango utakuwa wazi. Na lile neno la Kiingereza la kushusha faili kutoka mtandaoni, ambalo vijana hulipachika "nime-" mbele yake, libaki nje kwa sasa. Mmoja huliandika kwa herufi nane, mwenzake kwa kumi, wa tatu huliacha kama lilivyo kwa Kiingereza. Kupakua lipo, limetulia, nalo linajaza kazi hiyo.

Wapo watakaouliza kwa nini tusiache kamusi iamue. Kamusi iheshimiwe: neno lililomo ndani yake halina haja ya kujitetea. Shida huja kwa neno ambalo halijaingia. Kati ya toleo la kwanza la Kamusi ya Kiswahili Sanifu na la pili, la mwaka 2004, ilipita miaka 23. Ndani ya miaka hiyo vyama vingi vilirudi Kenya na Tanzania, simu ziliacha waya zikaingia mfukoni, intaneti ikafika. Watu hawakungoja chapa mpya ndipo waseme. Hata wenye orodha za Scrabble ya Kiingereza, wenye fedha na wafanyakazi, walilikubali neno ok mwaka 2018 tu, wakati lilikuwa limetamkwa kwa zaidi ya karne moja na nusu. Kamusi hukiri kilichokwisha kutokea. Mchezo unaochezwa leo jioni unahitaji kanuni inayoweza kutumika leo jioni, na upatanisho wa kisarufi ni kitu ambacho wachezaji wawili wanaweza kukijaribu hapohapo kwa kutunga sentensi moja.

Majina ya biashara ni kesi ngumu zaidi, maana michezo ya maneno hukataa majina maalumu. Chukua bajaji. Bajaj ni kampuni ya India, na kwa herufi kubwa ni jina lake. Lakini abiria wa Dar es Salaam anayesema "niitie bajaji" hajali aliyeitengeneza ni nani. Jina limeshuka cheo likawa la chombo chochote cha magurudumu matatu, likapata herufi ndogo, likapata i ya mwisho. Lihesabiwe. Bodaboda ni neno la Kiingereza la mpaka, lililozaliwa kwenye baiskeli zilizovusha watu kati ya Kenya na Uganda, na sasa liko mbali na mpaka wowote. Daladala linatokana na dala, jina la mtaani la sarafu ya shilingi tano, lililochotwa kwenye dola ya Marekani. Linganisha na matatu, ambalo ni Kibantu kitupu, kutoka mapeni matatu ya nauli. Abiria wanayapanda yote manne bila kukagua nasaba.

Ugumu wa kweli uko kwenye maneno yenye sura mbili, na hapa inabidi kuwa na moyo mkubwa. Bluu na buluu ni rangi moja, moja ina herufi nne na nyingine tano, zote zimechapishwa. Heri na kheri, habari na khabari: maandishi ya zamani yana kh, ya sasa kwa kawaida hayana. Hata neno kamusi halijatulia ngeli yake, kwa maana Bara husema kamusi hii na Zanzibar husema kamusi hili, kama majalada yale mawili yanavyoshuhudia. Hilo lisimtishe mtu. Wenye nyumba hubishana juu ya chumba cha kumlaza mtu waliyekwisha kumkubali, na mgeni wa kupita hagombaniwi. Sura zote zilizozoeleka kwenye chapa zikubaliwe, na mtunga fumbo akitaka moja, dokezo lake lielekeze.

Mfano mzuri kuliko yote ni ule unaohusu mtoto na daftari lake. Bara tunasema shule, kwa sababu Wajerumani ndio waliotuachia neno hilo. Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, Wajerumani hawakuitawala, na huko mtoto huenda skuli. Neno hilo limeandikwa kwenye mabango ya majengo, linasomwa katika taarifa za wizara. Yote mawili ni ya mkopo. Yote yana ngeli: shule hii, skuli hii. Na kwa bahati, yote yana herufi tano kamili. Mtoto wa Pemba anayecheza programu ya kubahatisha neno, akaandika skuli, kisha simu ikamwambia kwamba hilo si neno, amedhulumiwa na mtu aliyetengeneza orodha akiwa mji mwingine. Mchezaji wa Bukavu au Lubumbashi, ambako maneno mengi ya kisasa hutoka Kifaransa, ataumia zaidi, kwa sababu ya kwake huenda hayamo hata katika kamusi tulizozitaja.

Kwa sasa wengi wetu tukitaka kucheza Scrabble kwa Kiswahili tunatumia boksi la Kiingereza, na boksi hilo lilipimwa kwa lugha nyingine. Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyeubuni mchezo huo miaka ya 1930, alihesabu herufi kwenye magazeti ya Kiingereza ili kujua kila moja iwe na vigae vingapi. Kati ya vigae 100, K ni kimoja tu. Huwezi kuandika kaka, wala kuku, wala kikapu, mpaka upate kigae kitupu. E ziko kumi na mbili, A tisa. Q na X hazina kazi kabisa. Vigae vya kweli vya Kiswahili vinaweza kutengenezwa, lakini ni lazima kwanza maneno yahesabiwe, na hayawezi kuhesabiwa kabla ya kukubaliana yapi ni yetu.

Kazi hiyo ina wenyewe. BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, ipo tangu mwaka 1967, BAKIZA, lile baraza la Zanzibar, ipo, vyuo vikuu vya Kenya vina idara za Kiswahili zenye watu hodari, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar. Wakae pamoja, wachapishe orodha moja ya maneno kwa ajili ya michezo, waitoe bure kwa magazeti, shule na watengenezaji wa programu, na waipitie upya kila baada ya miaka michache bila kungoja miaka 23. Wawaite na mafundi, madereva na watunga mafumbo, kwa kuwa hao ndio wanaojua digadi ni kitu gani. Kompyuta na tarakilishi ziandikwe ukurasa wake kila moja. Shule na skuli ziwe za kwanza kutiwa saini.